Kioo Kinachoongoza Ioni: Utangulizi kwa Msomaji wa Madogo

Chukua mrija mwembamba wa kioo, uupashe moto katikati hadi ulainike, kisha uvute ncha zake mbili taratibu. Kioo kitarefuka, kitasinyaa, na mwishowe kitakatika na kuwa mirija miwili, kila mmoja ukiwa na mdomo mpana upande huu na tundu jembamba kuliko unywele upande ule. Sasa elekeza mdomo mpana kwenye mkondo wa ioni, halafu uinamishe mrija kidogo, kiasi kwamba ukichungulia kwa jicho huoni mwanga wa upande wa pili. Mtu yeyote aliyesoma fizikia ya sekondari atasema hakuna ioni itakayotoka, maana ioni husafiri moja kwa moja na mbele yake pana ukuta. Hata hivyo, baada ya muda ioni huanza kutoka kwenye tundu, na zinapotoka hufuata uelekeo wa mrija, si uelekeo zilioingia nao. Hakuna sumaku iliyowekwa, hakuna betri, hakuna waya.

Uongozaji wa ioni kwa kapilari za kioo, yaani kwa mirija myembamba ya namna hiyo, ni tawi changa la fizikia. Umri wake ni wa miaka ishirini na kitu tu. Ninakukaribisha humo nikiwa na msomaji mahususi akilini: mwanafunzi au mwalimu aliye Madogo, mji wa Kaunti ya Tana River unaotazamana na Garissa, ambaye akivuka daraja la Tana anakifikia Chuo Kikuu cha Garissa, lakini akitafuta kichapuzi, ile mashine ya kuzipa ioni kasi, hakipati upande wowote wa mto. Hata Nairobi, vichapuzi vya ioni vinavyojulikana ni saiklotroni za hospitali, zinazotengeneza dawa zenye unururifu kwa ajili ya kupiga picha za saratani. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nyuklia ya Chuo Kikuu cha Nairobi hupima elementi zilizomo kwenye udongo, hewa na vyakula, ila kwa kutumia eksirei. Mtu anayetaka maabara kubwa ya Afrika yenye mikondo ya ioni iliyolengwa hadi upana wa mikromita chache huelekea kusini, kwenye iThemba LABS ya Afrika Kusini.

Kwa nini basi nimkaribishe mtu wa Madogo? Kwa sababu kiini cha taaluma hii hakimo ndani ya mashine kubwa. Kimo ndani ya kioo chenyewe: namna kioo kinavyopokea chaji, kinavyoishika na kinavyoivujisha. Hayo yanaeleweka kwa hesabu ya shule, yanaigwa kwa kompyuta ya kawaida, na kwa sehemu hupimika bila kichapuzi chochote.

Shida iliyokuwepo

Ioni ni atomu iliyopoteza au kupata elektroni, kwa hiyo ina chaji. Kwa kuwa ina chaji, uga wa umeme unaweza kuipa kasi, na uga wa sumaku unaweza kuipinda. Ioni nyingi zikienda pamoja hufanya mkondo, na mkondo huo ni chombo cha kazi: unaweza kupandikiza atomu ndani ya silikoni, kuchunguza kilichomo ndani ya punje ya mchanga, au kuharibu sehemu moja ya seli na kuiacha nyingine salama. Lakini kazi hizo zinahitaji mkondo mwembamba. Seli ya mwanadamu ina upana wa mikromita 10 au 20 hivi, na mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Mkondo wa upana wa milimita moja hauwezi kuchagua seli.

Njia iliyozoeleka ya kuusinyaza ni lenzi za sumaku zenye ncha nne, zinazopangwa mbili au tatu kwa mfuatano. Njia hiyo ni bora sana. Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore kimeshuka nayo hadi chini ya nanomita 100, yaani chini ya sehemu ya kumi ya mikromita. Ila lenzi hizo ni ghali, zinadai upangaji wa uangalifu mkubwa na chumba kisichotikisika. Kapilari, kwa upande wake, ni kioo cha borosiliketi, cha jamii ileile ya bika na neli za majaribio za maabara ya shule. Mashine ya kuivuta ni ile wanayotumia wanabiolojia kutengenezea sindano za kioo za kuchomea seli. Ikivunjika, unavuta nyingine.

Jinsi njia inavyojengwa

Kioo ni kihami. Chaji ikitua juu yake haiendi mbali. Kwa muda mrefu waliofanya kazi na mikondo ya ioni waliiona sifa hiyo kuwa kero tupu, kwa sababu kihami kikiachwa wazi karibu na mkondo hujaa chaji na kuupotosha, ndiyo maana waliosanifu mashine hizo walivificha vihami nyuma ya metali. Uongozaji wa kapilari umeifanya kero hiyo kuwa nyenzo.

Ioni za kwanza kuingia kwenye mrija ulioinama hugonga ukuta. Pale zinapogonga huchota elektroni kutoka kwenye kioo na kuacha doa lenye chaji chanya. Doa linapokua, uga wake wa umeme huanza kuzisukuma ioni zinazofuata kabla hazijaufikia ukuta. Ioni hizo hupinda na kuambaa ndani ya mrija. Baadhi huvuka na kugonga upande wa pili, zikijenga doa jingine, dhaifu kuliko la kwanza. Hatimaye mizani hupatikana: chaji inayotua kwenye madoa inalingana na inayovuja. Kuanzia hapo sehemu ya ioni zinazoingia hufidia chaji inayovuja, na nyingine hufika mwisho wa mrija bila kugusa kioo.

Aliyekulia Madogo anaujua mwenendo huu kutoka mtoni. Tana inapofurika, maji yanayoruka ukingo hupoteza kasi na kuangusha mchanga na tope palepale pembeni. Furiko baada ya furiko, mto hujijengea tuta la asili kila upande. Tuta hilo limejengwa na maji yaliyotangulia, nalo ndilo linaloyashika maji ya siku za kawaida yasitawanyike. Maji yaliyotoka nje yalipotea, lakini yaliyofuata yalipata njia. Ioni nazo hufanya vivyo hivyo, isipokuwa kwa jambo moja litakalotushughulisha mbele: tuta la tope hukaa, tuta la chaji huvuja. Ukiuzima mkondo wa ioni, doa hufifia, na ukiuwasha tena baada ya muda mrefu, ujenzi huanza upya.

Uongozaji huu wa ioni ulitangazwa mwaka 2002 na Nikolaus Stolterfoht na wenzake wa Taasisi ya Hahn-Meitner, Berlin. Wao hawakutumia kioo. Walitumia utando wa PET, plastiki ileile ya chupa za maji ya kunywa, wenye unene wa mikromita 10 na uliotobolewa vitundu vya nanomita 100 hivi. Waliupigia ioni za neoni zilizopokonywa elektroni 7, zenye nishati ya kiloelektronivolti 3. Waliuinamisha utando hata ioni zisiweze kupita moja kwa moja, na bado ziliendelea kutoka. Ushahidi uliowasadikisha ulikuwa huu: ioni zilizotoka zilikuwa bado zimepungukiwa na elektroni zilezile 7. Ioni ya namna hiyo ikigusa ukuta huzipata elektroni papo hapo na chaji yake hushuka. Kama chaji haikushuka, basi haikugusa. Mwaka 2008 kikundi cha Stockholm kilionyesha kwamba madoa hujengeka kwa zamu, moja baada ya jingine, na ndiyo sababu mkondo unaotoka huyumba huku na huku kabla ya kutulia.

Wengi wakisikia haya hudhani kwamba volti kubwa mno zinahitajika ukutani. Tukokotoe. Ioni inayokuja kwa pembe ndogo haihitaji kusimamishwa. Inatosha kuuondoa ule mwendo wake mdogo wa kuuelekea ukuta. Sehemu hiyo ya nishati ni nishati yote mara mraba wa saini ya pembe. Tuchukue ioni ya agoni iliyopoteza elektroni 8, yenye nishati ya kiloelektronivolti 8. Kwa kuwa chaji yake ni 8, ili kufika hapo imepitishwa kwenye tofauti ya volti 1,000 (8 mara 1,000 ni elektronivolti 8,000). Ikija kwa pembe ya nyuzi 5.7 hivi, saini yake ni 0.1, na mraba wake ni 0.01. Zidisha kwa 1,000: jibu ni volti 10. Betri ya bodaboda ina zaidi ya hizo. Kwa hiyo doa dogo la chaji, ambalo mtu asingelidhania, linatosha kuipindua njia ya ioni iliyorushwa kwa volti elfu moja. Hesabu hiyo ndogo ndiyo mlango wa taaluma nzima, na inafaa uirudie kwa pembe na nishati nyingine hadi uizoee. Utaona haraka kwamba pembe ikiongezeka maradufu, volti zinazohitajika huongezeka karibu mara nne.

Kutoka kuongoza hadi kukusanya

Kama mrija ulionyooka unaweza kuongoza, je, mrija unaosinyaa unaweza kukusanya ioni nyingi mahali padogo? Mwaka 2006 Tokihiro Ikeda na wenzake wa taasisi ya utafiti ya RIKEN, Japani, walijibu kwa kutumia hizo hizo ioni za agoni za kiloelektronivolti 8. Kapilari yao ilikuwa na urefu wa sentimita 5 hivi, mdomo wa milimita 0.8 na tundu la mikromita 24. Mkondo uliotoka ulikuwa na msongamano mkubwa takriban mara 10 kuliko ulioingia, na uliendelea kutoka hata mrija ulipoinamishwa nyuzi 5 hivi.

Mara 10 ni mafanikio, lakini yapime kwa hesabu. Kipenyo cha mdomo ni mara 33 ya kipenyo cha tundu, kwa hiyo eneo lake ni mara 1,100 hivi. Kama ioni zote zilizoingia zingetoka, msongamano ungeongezeka mara 1,100. Uliongezeka mara 10. Maana yake ni kwamba kati ya kila ioni 100 zilizoingia, ilitoka moja hivi. Nyingine ziliishia kwenye kioo. Isitoshe, kapilari si lenzi. Lenzi hukutanisha miale mbali na ilipo, ilhali mkondo wa kapilari huanza kutanuka mara tu unapoacha tundu. Kitu unachotaka kukipiga lazima kikae karibu kabisa na ncha.

Kuna pia hatari ya kinyume. Chaji ikizidi karibu na tundu, ambako kuta zimekaribiana, uga wake huzisukuma ioni zirudi nyuma, na kapilari hujiziba yenyewe. Ukiongeza mkondo ukitumaini kupata zaidi, unaweza kupata kidogo au kukosa kabisa. Kwa hiyo mafanikio yamo katika kipimo: chaji ya kutosha kuongoza, isiyozidi hata kuziba.

Ioni zenye nishati kubwa

Hadi hapa tumezungumzia ioni za maelfu ya elektronivolti. Zile za mamilioni zina tabia nyingine. Mwaka 2003, kikundi cha Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Kochi, Japani, pamoja na wenzao wa Singapore, kilipitisha ioni za heli zenye nishati ya megaelektronivolti 2 kwenye kapilari zilizochongoka. Kwa nishati hizo, ioni inayogonga kioo kwa pembe ndogo sana inaweza kuingia ndani kidogo, ikagongana na atomu nyingi mfululizo, ikapindishwa kidogo kidogo, kisha ikatokea tena juu ya uso wa kioo na kuendelea na safari. Chaji ya ukutani si kiongozi mkuu tena; kiongozi ni mgongano. Gharama yake ni kwamba ioni iliyopita ndani ya kioo imepoteza sehemu ya nishati, na hutoka imetawanyika kuzizunguka zile zilizopita wazi. Mtafiti anayetaka nishati moja safi hana budi kuzizingatia ioni hizo.

Ajabu ni kwamba matumizi yaliyo karibu zaidi na maisha yetu yametoka kwenye tawi hili. La kwanza ni upasuaji wa seli. Mwaka 2008 watafiti wa RIKEN waliiziba ncha ya kapilari kwa dirisha jembamba mno la kioo. Ioni za heli zililipenya, lakini maji hayakuweza kuingia. Ncha hiyo ilizamishwa kwenye kimiminika chenye seli hai, ikasogezwa chini ya hadubini, na ioni zikaachiliwa katika eneo la mikromita chache za ujazo. Kwa kuwa ioni husimama baada ya umbali mfupi unaojulikana, sehemu moja ya kiini cha seli inaweza kupigwa na jirani yake kuachwa.

La pili ni kuutoa mkondo hewani. Kwa kawaida mkondo wa ioni huishi ndani ya ombwe, na sampuli hulazimika kuingizwa humo, kukaushwa na kukatwa. Tundu la mikromita chache ni dogo kiasi kwamba pampu huihimili hewa inayopenya, kwa hiyo mkondo unaweza kutokea wazi bila dirisha lolote. Protoni za megaelektronivolti 2 husafiri sentimita 7 hivi hewani kabla ya kusimama. Zikigonga kitu, hung'oa elektroni za ndani za atomu, na kila elementi hutoa eksirei yenye nishati yake ya pekee. Mbinu hiyo ya kutambua elementi ilizaliwa Lund, Uswidi, mwaka 1970. Huko iThemba LABS, kwa mikondo iliyolengwa na sumaku, watafiti wamechora ramani za nikeli ndani ya majani ya mimea inayojilimbikizia metali hiyo. Kwa kapilari, jani bichi la mwembe wa kando ya Tana lingeweza kuchunguzwa lilivyo, bila kuwekwa kwenye ombwe.

Wala hili si la nchi tajiri peke yake. Chuo Kikuu cha Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, kimejaribu kapilari za kioo kwa ioni za kiloelektronivolti, na maabara zake za mikondo ya ioni zimetumika pia kubadili mbegu za mpunga ili kupata aina mpya. Mtu anayeijua Bura, Hola na mashamba ya umwagiliaji ya Tana hahitaji kuelezwa kwa nini fizikia na mpunga vinaweza kuketi katika maabara moja.

Joto la mahali

Nilisema tuta la chaji huvuja. Linavuja kwa kasi gani? Ndani ya borosiliketi, umeme hubebwa hasa na ioni za sodiamu zinazorukaruka polepole kutoka nafasi moja hadi nyingine. Joto huzirahisishia kuruka. Karibu na joto la kawaida la chumba, kila nyongeza ya nyuzi 10 za Selsiasi huweza kuzidisha uvujaji mara 2 hadi 3. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Vienna walionyesha kwamba jambo hilo linaweza kutumiwa kama usukani. Kapilari iliyojiziba kwa chaji nyingi ilifunguka ilipopashwa moto, kwa kuwa chaji ya ziada ilivuja. Ikipashwa kupita kiasi, uongozaji wenyewe hudhoofika, kwa kuwa tuta halipati nafasi ya kujengeka.

Hapa ndipo mahali panapoingia katika fizikia. Maabara ya Ulaya yenye nyuzi 22 na chumba cha Madogo kinachofika nyuzi 35 mchana havina kioo kimoja, hata kama vioo vimetoka kiwanda kimoja. Kioo cha Madogo huvujisha mara tatu au nne zaidi. Anayeishi kwenye joto ana sababu ya kuliuliza swali hili kwa uzito zaidi kuliko aliyezoea kuirekebisha hewa ya chumba kwa kubonyeza kitufe.

Pa kuanzia

Maswali yaliyo wazi ni mengi. Elektroni nazo huongozwa na kapilari, lakini kila moja inayogonga ukuta inaweza kung'oa nyingine, na hesabu ya chaji inakuwa ngumu. Uso wa kioo na kina chake havivujishi kwa kiwango kimoja, na kutenganisha viwili hivyo kwenye vipimo bado ni kazi. Umbo bora la msinyao, iwapo mrija usinyae taratibu mwanzo hadi mwisho au ghafla karibu na ncha, hutegemea nishati, mkondo na joto kwa pamoja, na hakuna kanuni moja ya kuyajibu yote.

Ukitaka kuingia, anza na mambo matatu. Kwanza, rudia ile hesabu ya volti 10 hadi uweze kukadiria, kwa ioni na pembe yoyote, iwapo doa la chaji linatosha. Pili, andika programu fupi inayorusha ioni moja moja ndani ya mrija, inayoacha chaji pale ioni inapogonga, na inayoivujisha chaji hiyo kwa kasi unayoichagua. Hata programu ya vipimo viwili tu itakuonyesha madoa yakijengeka na mkondo ukiyumba. Tatu, pima kioo. Kwa vipande viwili vya karatasi ya alumini vilivyobanwa pande mbili za kioo, chanzo cha volti za juu kinachosimamiwa na mwalimu mwenye ujuzi, na kipimo cha mkondo mdogo sana wa umeme, unaweza kufuatilia uvujaji saa za asubuhi na saa za mchana, kisha ukachora grafu yake dhidi ya joto. Fanya hivyo katika miezi mikavu, kwani unyevu ukitanda juu ya kioo huipa chaji njia nyingine ya kukimbilia.

Grafu hiyo ni kitu ambacho kila maabara ya kapilari hukihitaji kabla ya kuwasha mkondo wake wa kwanza. Ukishaipata, kipande kinachokosekana ni muda wa kutumia kichapuzi, na muda huo huombwa kwa pendekezo lenye hesabu na vipimo. Vyote viwili unaweza kuviandaa Madogo.